Mshahara ‘wa maelewano’: mwenye shamba na mhitimu wanaelewana wapi?

MATANGAZO mengi ya kazi za kilimo hapa nchini humalizika kwa sentensi inayofanana: mshahara ni wa maelewano. Ukiisoma haraka unaona ni uungwana. Mwajiri hataki kulazimisha, anataka mkae mezani mzungumze. Lakini ukimfuata mwombaji hadi ndani ya chumba cha usaili, unakuta maelewano yenyewe huchukua dakika tano, tena mwishoni, wakati kila mtu ameshachoka. Mwajiri anauliza, “Unategemea tukulipe kiasi gani?” Mwombaji anatazama meza, anajibu, “Kiwango chochote ambacho ofisi itaona kinafaa.” Hapo maelewano yamekwisha.

Si kwamba Watanzania hatujui kupatana. Mama anayenunua kitenge Kariakoo hakubali bei ya kwanza hata siku moja, na dalali wa mpunga pale Ubaruku anaweza kubishania shilingi elfu moja ya gunia tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Watu hao hao wakifika kwenye ajira, jambo linalogusa kipato chao cha miaka, wanaona haya. Neno mwafaka tumewaachia wanasiasa tangu CCM na CUF walipotiliana saini kuhusu Zanzibar mwaka 1999 na tena 2001.

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba mwajiri na mwombaji wa kazi za shambani hushindwana mara nyingi si kwa sababu fedha haipo, bali kwa sababu wanabishania tarakimu moja tu, yaani mshahara wa mwezi, na hata tarakimu hiyo kila mmoja anaisoma kwa macho yake. Nitatumia mfano ninaoujua vizuri kwa sababu nilikuwepo, na sehemu ya lawama ni yangu.

Usaili wa Novemba

Novemba 2023 mwenye shamba mmoja la mpunga wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, aliniomba nikae naye kwenye usaili wa kumtafuta mtaalamu wa mazao. Shamba lake lina ekari 200 za majaruba, na yeye ni mzee aliyeanza na ekari nne, anayejua mpunga kuliko mimi niliyeusomea darasani. Kazi hiyo ya kitaalamu alikuwa ameipangia Sh 900,000 kwa mwezi. Alinong’oneza kiwango hicho sikioni mwangu kabla waombaji hawajaanza kuingia, kana kwamba ni siri ya jeshi.

Mwombaji wa tatu alikuwa binti aliyehitimu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mwenye uzoefu wa miaka minne, miwili kati yake kwenye skimu ya umwagiliaji. Alijibu maswali yote bila kubabaika. Mzee alipomuuliza kuhusu kusawazisha majaruba, binti aliuliza swali la kwake: maji yanaingia shambani kutokea upande gani, na ni nani anayepata zamu ya kwanza? Mzee akanitazama, akatabasamu. Tulikuwa tumempata.

Likaja swali la mshahara. Tofauti na wengine, binti huyu hakuona haya. Alisema, “Mzee, nikipata laki saba mkononi nitafanya kazi kwa moyo.” Mzee nusura aruke kwenye kiti. Yeye alikuwa tayari kutoa laki tisa, na mtu anaomba laki saba! Akasema, “Binti yangu, hilo halina shida,” wakapeana mikono. Mimi mchumi nikawa nimekaa pale, nikanyamaza. Nilisikia neno “mkononi” na sikuuliza.

Barua ilipoandikwa ilisema mshahara ni Sh 700,000 kwa mwezi kabla ya makato. Binti alipiga hesabu yake akakuta mkononi angepokea Sh 483,000, pungufu hata ya karibu Sh 560,000 alizokuwa anapokea kwa mwajiri wake wa wakati huo. Alimpigia mzee simu. Mzee akaona amegeukwa: mtu kapeana naye mkono, sasa anapandisha dau. Binti naye akaona ametapeliwa. Simu ya pili haikupokewa. Hakuna aliyedanganya hata neno moja, lakini kazi ikaharibika.

Hesabu ambayo haikufanywa

Sasa tuifanye hesabu hiyo, kwa viwango vya wakati ule. Tuanze na zile Sh 900,000 ambazo mzee alikuwa amezitenga.

Mfanyakazi anakatwa asilimia 10 ya NSSF, sawa na Sh 90,000. Zinazobaki, Sh 810,000, ndizo zinazotozwa kodi ya PAYE, nayo inafika Sh 80,500. Kisha inakuja Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tangu sheria yake ilipobadilishwa mwaka 2016, mhitimu aliyesoma kwa mkopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi badala ya asilimia 8 ya zamani. Hizo ni Sh 135,000. Mkononi zinabaki Sh 594,500.

Upande wa mwajiri hali ni kinyume chake. Anaongeza asilimia 10 ya NSSF ya kwake, Sh 90,000. Anaongeza tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, asilimia 3.5 tangu Julai 2023, ambayo ni Sh 31,500. (Wenye mashamba wengi hudhani kilimo hakiguswi na SDL. Msamaha ni wa wafanyakazi wanaolima moja kwa moja, si wanaosimamia shamba.) Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachukua asilimia 0.5, Sh 4,500. Jumla inayotoka kwenye mfuko wa shamba ni Sh 1,026,000.

Kwa hiyo “laki tisa” moja ni Sh 594,500 kwa aliyeketi upande huu wa meza, na Sh 1,026,000 kwa aliyeketi upande ule. Tofauti yake ni Sh 431,500. Watu wawili wanaweza kutaja tarakimu hiyo hiyo, mmoja akihisi ameonewa na mwingine akihisi amefilisika, na wote wakawa wanasema kweli.

Je, kumpa binti laki saba mkononi kungegharimu nini? Mshahara kabla ya makato ungefika karibu Sh 1,101,000, na gharama yote ya shamba karibu Sh 1,255,000 kwa mwezi. Kumwongezea binti Sh 105,500 mkononi kulimtaka mzee atoe Sh 229,000 zaidi ya alizopanga. Katika ngazi hiyo ya mshahara, kila Sh 100 inayofika mkononi mwa mhitimu mwenye mkopo inamtoka mwajiri kama Sh 217.

Nakiri kwamba fedha hizo za kati hazipotei zote. NSSF ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe, na makato ya mkopo yanapunguza deni lake. Lakini mtu wa miaka 28 mwenye mama wa kumtumia fedha kila mwezi hapangi bajeti kwa akiba ya uzeeni, anapanga kwa kilichoingia kwenye simu tarehe 30.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri unaotolewa mara nyingi kwamba mwajiri na mwombaji wakishindwana “wakutane katikati”. Kukutana katikati ya mshahara ni njia ghali kuliko zote. Anayepokea anaona kidogo, anayetoa anaumia sana. Ni kama kubeba maji kwa pakacha kutoka mtoni.

Nyumba yenye magunia

Kulikuwa na nyumba shambani. Ina vyumba viwili na sebule, ilijengwa kwa ajili ya meneja aliyeondoka zamani. Siku ile ya usaili ilikuwa imehifadhi magunia matupu na pampu mbovu. Tulipita mbele yake tukienda kuangalia mfereji, mimi, mzee na waombaji wote, na hakuna aliyeisema.

Baadaye, baada ya mambo kuharibika, nilizungumza na yule binti. Katika bajeti yake alikuwa ametenga Sh 80,000 kwa mwezi kwa pango la chumba na sebule mjini Rujewa, na Sh 3,000 kila siku ya kazi kwa bodaboda ya kwenda na kurudi shambani. Kwa siku 26 hiyo nauli ni Sh 78,000. Pamoja zinakuwa Sh 158,000. Pengo lililowashinda lilikuwa Sh 105,500.

Nyumba ile ingehitaji rangi, bati tatu na fundi wa choo. Ni gharama ya mara moja. Ni kweli TRA huihesabu nyumba ya mwajiri kuwa sehemu ya kipato cha mfanyakazi, na mhasibu asijifanye hajui. Lakini kwa nyumba ambayo pango lake sokoni ni Sh 80,000, kodi ya ziada kwa binti huyu isingezidi Sh 20,000, na makato ya Bodi ya Mikopo yasingeigusa kwa kuwa yanatazama mshahara wa msingi tu. Kwa maneno mengine, kitu kilichokuwa hakimpi mzee hata senti kingeweza kuziba pengo lote na chenji ikabaki.

Nisieleweke vibaya. Simaanishi kwamba nyumba ni dawa ya kila mwombaji. Binti anayeishi peke yake katikati ya majaruba, mbali na kituo cha polisi na zahanati, ana sababu zake za kuitaka Rujewa. Mwenye watoto atauliza shule iko wapi. Wapo wenye mashamba wanaotoa nyumba halafu wanamgeuza mtaalamu kuwa mlinzi wa usiku bila malipo, akigongewa dirisha saa nane kwa sababu pampu imezimika. Kwa hiyo nyumba nayo ni ya kuzungumzwa, kwa saa zake na masharti yake. Ninachosema ni kwamba siku ile haikuzungumzwa kabisa, kwa sababu swali lililoulizwa lilikuwa la fedha peke yake.

Pikipiki ni hivyo hivyo. Serikali yenyewe ililitambua hilo mwaka 2022 ilipogawa pikipiki kwa maofisa ugani: mtaalamu asiye na usafiri ni mtaalamu wa karibu na ofisi tu. Shamba likinunua pikipiki moja, likaandika ni nani anayeweka mafuta na nani anayelipa matengenezo, mwombaji anaondokewa na gharama ambayo angeidai kwenye mshahara.

Mwenye shamba hana fedha Novemba

Upande wa mwajiri nao una hoja ambayo wahitimu wengi hawaijui, hata wale waliosomea uchumi wa kilimo kama mimi. Shamba la mpunga halipokei fedha kila mwezi. Pale Usangu vitalu huandaliwa Desemba na Januari, miche hupandikizwa Januari na Februari, na mavuno huanza kati ya Mei na Julai. Mwenye shamba anayeajiri Novemba anaajiri wakati mfuko wake ni mwepesi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Analipa trekta, mbegu, mbolea ya kupandia na vibarua. Mzee wetu alikuwa ameuza sehemu kubwa ya mpunga wake Julai ili kulipa benki, na mpunga mchache uliobaki ghalani ndio uliokuwa unalisha shughuli zote.

Kwa mtu wa namna hiyo, Sh 229,000 za ziada kila mwezi kuanzia Desemba si sawa na fedha hiyo hiyo ikilipwa Julai. Zikiwa za Desemba anakopa, tena pengine kwa mnunuzi anayempa fedha kwa masharti ya kumuuzia mpunga ungali shambani, kwa bei ya kutupa. Zikiwa za Julai anazitoa kwenye mauzo. Mwombaji anayelielewa hili ana nafasi kubwa ya kupata anachotaka, kwa sababu anaweza kusema: nianze na Sh 900,000, lakini baada ya mavuno nilipwe mkupuo fulani, na kuanzia Julai mosi mshahara uwe kiasi fulani.

Tatizo ni imani. “Tutaangalia baadaye” ni sentensi iliyowaliza wahitimu wengi. Mavuno yakifika, mwajiri anakumbuka madeni yote isipokuwa ahadi hiyo. Na mwajiri naye ana hofu yake: huyu ninayemfundisha shamba langu ataondoka siku Sekretarieti ya Ajira itakapomwita. Hofu hiyo imeongezeka tangu Julai 2025, kima cha chini cha mshahara serikalini kilipopandishwa kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000, sawa na asilimia 35.1. Hicho si kiwango cha mhitimu wa shahada, lakini kila ngazi hutazama iliyo chini yake. Kwenye mashamba binafsi, kima cha chini kilikuwa Sh 100,000 kwa amri ya mwaka 2013, kikawa Sh 140,000 kuanzia Januari 2023, na serikali ikatangaza viwango vingine kwa sekta binafsi kuanzia Januari 1, 2026.

Malipo ya mwisho wa msimu yanatibu hofu zote mbili kwa pamoja, mradi yaandikwe. Mfanyakazi ana sababu ya kukaa hadi mavuno, na mwajiri analipa wakati anacho. Wapo wenye mashamba ambao, kwa hofu hiyo hiyo, huchukua vyeti halisi vya mhitimu na kuvifungia kabatini ili asiondoke. Huko si kuelewana, ni kumshika mtu rehani, na mtaalamu mzuri akiambiwa hivyo ataondoka kabla hajaanza.

Kuna jambo moja nawatahadharisha wahitimu, kwa kuwa nimewaona wakilikimbilia: kuomba malipo kwa kila gunia linalozidi kiwango fulani kwa ekari. Linasikika la haki. Lakini mavuno ya mpunga hayategemei mtaalamu peke yake. Zamu ya maji ikichelewa, au kwelea kwelea wakiingia shambani wiki mbili kabla ya kuvuna, utakuwa umefanya kila kitu sawasawa na hupati kitu. Kisha ni nani anahesabu magunia, na gunia lenyewe ni la kilo ngapi, lina lumbesa au halina? Ni afadhali mkupuo unaojulikana, unaotegemea mambo yaliyo mikononi mwako: kitalu kimewekwa kwa wakati, miche imepandikizwa ikiwa na umri unaotakiwa, kumbukumbu za kila jaruba zimeandikwa. Wenzangu wachumi watabisha kwamba bila kugawana hatari ya mavuno hakuna motisha. Mimi naona mtu anayeishi kwa Sh 594,500 hana mgongo wa kubeba hatari ya ekari 200.

Aliyekuja na karatasi ya mshahara

Mazungumzo mengine huharibika mapema zaidi. Mwajiri anadai karatasi ya mshahara wa zamani, anaongeza asilimia 10, anasema hiyo ndiyo ofa. Mwombaji akijua hivyo anaanza kudanganya, na ukweli ukijulikana mambo yanaishia hapo. Kiwango ulichokuwa unalipwa kwenye duka la pembejeo mjini kinaeleza uwezo wa duka lile, hakielezi thamani ya mtu anayeweza kuokoa mpunga usikauke. Nadhani swali lenye faida zaidi kwa mwajiri ni hili: ili uhamie hapa na uishi, unahitaji nini kila mwezi, kitu kwa kitu? Mzee angeuliza hivyo, pango na bodaboda vingetajwa.

Mwombaji naye anayo mbinu yake mbaya. Anachukua barua ya ofa, anampelekea bosi wake wa sasa, anaongezewa mshahara, anabaki. Aliyeandika barua anakaa wiki tatu akisubiri mtu asiyekuja. Kwa mwajiri wa mjini huo ni usumbufu. Kwa mwenye shamba wiki tatu za Desemba ni msimu.

Nizungumzie pia wale wanaotoka chuoni moja kwa moja, maana wao wana nguvu ndogo zaidi. Mwajiri anajua wako wengi mtaani na huwaambia hivyo bila aibu. Siwezi kuwadanganya kwamba wakijipanga vizuri watapata laki tisa. Wanachoweza kukipata ni vitu vingine: muda wa majaribio unaojulikana mwisho wake, tarehe ya kupitia upya mshahara, na kazi inayofanana na waliyosomea. Mhitimu wa agronomia aliyekubali mshahara mdogo, halafu akawekwa mizani kupima magunia kwa mwaka mzima, amepoteza mara mbili.

Na mwajiri anayefurahia wingi huo wa wahitimu apige hesabu ya kiti kitupu. Mzee wetu alitangaza tena kazi. Aliyempata alikuwa ameajiriwa kwingine kwa mshahara wa mwezi, na kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 mtu wa namna hiyo anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28. Alifika shambani katikati ya Februari 2024. Vitalu vilikuwa vimeachwa mikononi mwa vibarua, na ekari kama 60 zilipandikizwa kwa miche iliyokwisha kuzeeka, ambayo haichipui machipukizi ya kutosha. Sitasema upungufu wote wa mwaka ule ulitokana na hilo, maji nayo yalisumbua. Lakini tukikadiria gunia mbili tu kwa ekari, ni magunia 120. Kwa Sh 75,000 aliyouzia gunia mwezi Julai, hizo ni Sh 9,000,000. Zile Sh 229,000 za kila mwezi alizokataa zingekuwa Sh 2,748,000 kwa mwaka mzima.

Kilichomo kwenye barua

Sheria hiyo ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: kazi yenyewe, mahali, saa, aina na muda wa mkataba, malipo na namna yanavyokokotolewa, pamoja na faida zisizo za fedha taslimu. Yaani nyumba na pikipiki vina nafasi yake kisheria kwenye karatasi. Wenye mashamba wengi hukwepa kuandika wakidhani karatasi itawafunga. Sheria inasema kinyume: likitokea shauri na mwajiri akashindwa kutoa maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye.

Barua nzuri haihitaji kuwa ndefu. Mshahara utajwe kabla ya makato, na chini yake mhasibu aandike makadirio ya kinachofika mkononi. Mstari huo mmoja ungemwokoa mzee. Mkupuo wa msimu utajwe kwa kiasi na tarehe. Yapo mambo ambayo si ya kupatana, na mwombaji asidhani anapewa zawadi: likizo ya mwaka ya siku 28, wiki isiyozidi saa 45 za kawaida, saa za ziada kulipwa mara moja na nusu. Nimewahi kuona ofa ambayo likizo iliandikwa chini ya kichwa cha habari “marupurupu”.

Agosti 2024 mzee alinipigia tena. Yule aliyekuja Februari alikuwa ameitwa serikalini. Safari hii nilimwomba atangaze mapema, akiwa bado na fedha za mpunga, ili aliyeajiriwa kwingine apate muda wa kutoa notisi na afike kabla ya vitalu. Tangazo lilitaja Sh 900,000 kabla ya makato, nyumba, na pikipiki. Alilalamika kwamba majirani watajua anacholipa. Nikamwambia wanajua tayari, kupitia vibarua.

Yule binti sikumpata, alikuwa ameshapata kazi Kilombero. Aliyefika ni kijana mwenye mke na mtoto mmoja, na mazungumzo yalichukua karibu saa mbili. Mke wake ni mwalimu, kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa shule, si mshahara. Kuhusu mshahara walikubaliana haraka: Sh 900,000, mkupuo wa Sh 800,000 mwisho wa Julai, na mapitio Agosti mosi yasiyoshuka chini ya Sh 980,000. Walipokwama ni kwenye nyumba. Mzee alitaka kazi ikiisha nyumba irudishwe ndani ya siku saba, kijana akasema hawezi kuhamisha familia kwa siku saba. Mzee akatoka nje kusalimiana na fundi wa bati, akakaa huko robo saa nzima. Aliporudi akasema ziandikwe siku 28, ila pampu mbovu ibaki humo sebuleni mpaka apate pa kuiweka.